Karai la Radhia

Ukitaka kumwondoa Radhia barazani, mwambie ajali haina kinga. Hatabishana nawe. Ataweka kikombe cha chai chini, atavuta ushungi wake, na utabaki ukiutazama mgongo. Hapo Majengo, Singida mjini, wapo wanaosema anajidai kwa kuwa ana kazi ya ofisini. Waseme, midomo ni mali yao. Lakini mimi naona kabla hujamsema mtu ni vizuri ujue amepitia wapi, na Radhia amepita mahali ambapo methali haimsaidii mtu hata kidogo.

Alilelewa na mjomba wake, Mselemu. Baba yake Radhia alifariki mtoto akiwa hajakaza miguu, mama akaolewa tena huko Itigi, na mjomba akasema mtoto wa dada yangu haendi kulelewa na mtu nisiyemjua. Basi, hapakuwa na kikao. Mkewe, Mwanabaraka, akampokea kama aliyemzaa mwenyewe, na Radhia mpaka leo anamwita mama. Ukoo wao ni wa watu wa biashara: babu yao alikuja toka pwani na chumvi na kaniki, akaoa Mnyaturu, hakurudi tena. Mselemu naye alikuwa na duka la vitambaa sokoni. Lilipokufa, maana maduka nayo hufa, hakukaa nyumbani kulaumu watu. Alikwenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Iguguno, akaanza kwa kubeba magunia, mtu mwenye mvi tayari.

Kwa Radhia huyu alikuwa mjomba na baba na mwalimu. Ndiye aliyemfundisha alifu na be. Ndiye aliyemfundisha hata kula. Radhia alizaliwa mshoto, na kila alipopeleka mkono wa kushoto kwenye sinia, mjomba aliushika polepole, akaulaza pajani, akamnyanyua wa kulia. "Huu ndio wa kula, mwanangu. Na ndio wa kumpa mtu salamu. Ule mwingine una kazi zake." Hakumpiga kwa hilo hata mara moja. Alirudia tu, siku baada ya siku, mpaka mkono ukazoea.

Sasa nieleze kiwanda, maana bila kiwanda hutanielewa. Msimu wa alizeti ukiingia, malori yanatoka Sepuka, yanatoka Mgori, yanatoka Iguguno, yanajipanga nje mpaka barabarani, na mashine hazipumziki. Kila mashine ina mdomo juu, bakuli la bati linalopokea mbegu, na chini ya mdomo kuna chuma kinene kilichojipinda kama skrubu, kinazunguka na kuzibana mbegu mpaka mafuta yatoke huku, mashudu yatoke kule. Mbegu zikigoma kushuka, zinasukumwa. Ipo fimbo ya kusukumia. Lakini mkono uko karibu kuliko fimbo, na mtu aliyezoea mashine huiona kama mbuzi wake wa nyumbani, haamini kwamba inaweza kumuuma.

Mzee Mselemu akapanda kazi mpaka akawa ndiye mwenye mdomo wa mashine kubwa kuliko zote. Ilikuwa heshima hiyo. Vijana walioingia asubuhi walimsalimu yeye kwanza kabla ya msimamizi. Wenzake walisikiliza mashine kwa masikio. Yeye aliweka kiganja juu ya bati, akatulia kidogo, akaitikia kwa kichwa kwamba iko sawa. Watu walisema huo ndio ufundi wenyewe. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mzee hasikilizi.

Radhia alisoma mpaka chuo huko Dodoma, akarudi, na kiwanda kilekile kikamwajiri kuwafundisha wafanyakazi usalama. Mafunzo aliyoyakuta, jamani! Watu walikusanywa ghalani, wakakalia magunia, wakasomewa masharti kutoka kwenye karatasi: usifanye hiki, usiguse kile. Wa nyuma walisinzia. Wa mbele walisinzia macho wazi. Mwisho walipewa soda na andazi, wakapiga makofi, wakarudi kwenye mashine na kutia mikono kulekule walikokatazwa. Radhia aliyasoma masharti hayo kwa sauti yake mwenyewe msimu mzima. Siku moja akauliza, "Umeme ukirudi, kabla ya kuwasha mashine tunafanya nini?" Bonifasi, kijana wa Sepuka, mcheshi kupita kiasi, akajibu, "Tunamshukuru Mungu, dada." Ghala zima likacheka. Radhia naye alicheka, kisha akaenda ofisini akalia.

Kilichomfungua macho ni drafti. Mchana, watu wakishakula, haohao waliosinzia walizunguka ubao wa drafti uliochorwa kwenye kipande cha boksi, kete zikiwa vizibo vya soda, na ungedhani ni fainali ya kombe. Mtu akiliwa kete, kelele mpaka getini. Bonifasi, aliyesahau masharti ya asubuhi, alikumbuka jinsi Elisha, kijana wa swichi, alivyomfunga wiki iliyopita, kete kwa kete. Radhia alisimama na sahani yake mkononi akiwatazama mpaka chakula kikapoa. Kwa nini hiki kinaingia na kile hakiingii, na vichwa ni vilevile? Akaanza kuwaza. Kwenye drafti mtu anajua anachotafuta. Akikosea, kosa lenyewe linamwambia papo hapo, hasubiri kuitwa ofisini. Akifungwa leo, kesho anapanga kete upya. Na mwenzake yuko mbele yake, anamtazama, hampi nafasi ya kulala. Karatasi yake ya masharti haikuwa na hata kimoja cha hivyo.

Basi akachukua karai, lile la kubebea zege, akalijaza alizeti, akafukia vizibo ndani. Wafanyakazi wanakaa kwenye mkeka kulizunguka, kila mmoja ametia mkono humo, anapapasa vizibo, na mwenye vingi ndiye mshindi. Nyuma yao, mbali kidogo, anasimama Elisha penye rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, ambayo ndiyo kengele ya kiwanda, inayogongwa kabla mashine hazijawashwa. Akiigonga, mikono yote itoke, iende kichwani. Mkono uliobaki kwenye karai, mwenyewe amekufa. Na wa kutamka hilo si Radhia. Ni jirani wa kulia, kwa sauti ya kufika barabarani: "Umekufa!" Radhia alifikiri sana juu ya kanuni hiyo. Siku ya hatari, alisema, atakayekuwa karibu nawe si mimi, ni jirani yako, basi jirani azoee kupiga kelele. Aliyekufa anasimama, anawaeleza wenzake mkono wake umekufa kwa sababu gani: hakuzima, hakungoja chuma kisimame, hakutumia fimbo. Raundi inayofuata anafufuka, anarudi mkekani.

Wallahi, kiwanda kilibadilika. Watu wakawa wanaulizana asubuhi, "Oya, leo karai lipo?" Ukipita kati ya mashine ulisikia "Umekufa wewe!" mtu akisogeza tu kidole karibu na mdomo, kisha kicheko, kisha fimbo inatafutwa. Vidole vilivyokuwa vikichubuka kila msimu vikapona. Meneja wao, mama Febronia, ambaye hakuwa mtu wa kutoa sifa, alikuja akasimama mlangoni, akatazama raundi nzima, akasema, "Haya." Wanaomjua wanasema hiyo kwake ni hotuba. Na mzee Mselemu aliwaambia watu msikitini, mmoja mmoja, kwamba yule binti wa karai ni wake.

Wachezaji walipozoea, Radhia akaongeza ngazi, maana mchezo usiopanda unachosha. Ngazi ya pili mnafungwa macho kwa kitambaa. Huoni mikono ya wenzako, una kengele peke yake. Mama Febronia akaipenda hiyo, akaweka na sharti lake: atakayekuwa anakufa mara kwa mara kwenye ngazi ya pili ataondolewa kwenye mashine, apelekwe kushona magunia. Sharti lilikuwa zuri, sikatai.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa kicheko.

Ngazi ya kwanza mzee Mselemu alikuwa akicheza kama wote. Alichelewa kidogo, lakini mzee ni mzee. Siku ya kwanza ya ngazi ya pili alifungwa kitambaa, kengele ikalia huko nyuma, mikono ikaruka kichwani, na mkono wake ukabaki kwenye karai. Ulipapasa taratibu, na uso wake ulikuwa umetulia, anatabasamu kwa sababu amegusa kizibo. Jirani yake wa kulia alikuwa Bonifasi. Bonifasi alishusha kitambaa, akamtazama mzee, akafungua mdomo, akaufunga. Huku kwetu utamwambiaje mtu wa umri wa baba yako "umekufa"? Tena umpigie kelele? Bonifasi kwao alifundishwa kuinama kabla ya kusalimu, na fimbo ya baba yake bado anaikumbuka. Mwishowe akamgusa mzee bega, akamwinamia sikioni, akasema kwa sauti kubwa na adabu zote, "Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia, akashusha kitambaa, akaona mikono ya watu iko vichwani, akautoa wake.

Jamani, watu walicheka! Walicheka mpaka wengine wakalala kwenye magunia, na mzee mwenyewe akacheka nao. Ikawa ndiyo desturi. Tangu siku hiyo kijana akifa aliambiwa umekufa, mzee akifa alipewa shikamoo, hasimami, haelezi kitu, raundi inaendelea. Wazee wengine walipata shikamoo mara mojamoja. Mzee Mselemu aliipata kila raundi.

Radhia alicheka pia. Hilo ndilo linalomla mpaka leo. Alisimama pale na mikono kifuani akaona ni jambo zuri, kanuni imejizaa yenyewe, yenye adabu ya kwetu. Lakini chini ya kicheko aliona na kitu kingine, akakigeuzia uso. Angempeleka mjomba kushona magunia? Yeye, aliyefundishwa kula na mkono ule? Alijua mdomo wa mashine kubwa ulikuwa umemrudishia mjomba kile duka lilichoondoka nacho. Kwa hiyo siku mama Febronia alipomuuliza, "Na wazee, ngazi ya pili wanaiweza?" Radhia alijibu haraka, "Wazee wako vizuri, mama."

Na nyumbani alikuwa ameona. Usiniambie hakuona. Mjomba aliyekuwa akiadhini msikiti wa mtaani tangu Radhia akiwa mtoto aliacha ghafla, akasema sauti imechoka, na sauti ilikuwa nzima kabisa. Redio iliwashwa mpaka majirani wakajua habari zote bila kununua redio. Mama Mwanabaraka alikuwa hamwiti tena mumewe. Alikwenda akasimama mbele yake. Siku moja Radhia alijikaza, akasema, "Mjomba, nadhani masikio yako tuyapeleke hospitali." Mjomba alimtazama midomo, akacheka. "Masikio haya yamesikia mengi, mwanangu. Yaache yapumzike." Radhia naye akacheka, akabeba vyombo akaenda kuviosha, na habari ikaishia hapo.

Ilikuwa mchana, mashine zote zinaunguruma, umeme ukakatika. Kukawa kimya, ukasikika upepo tu ukigongagonga mabati ya paa. Mdomo wa mashine kubwa ulikuwa umejaa mbegu zilizokwama, na mzee Mselemu akaona ndiyo nafasi ya kuzitoa. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani upande wa pili. Akatia mkono. Alikuwa ameupa mlango mgongo, kiganja cha kushoto kiko juu ya bati, na bati lilikuwa limetulia.

Umeme ukarudi. Elisha alifanya kama alivyofundishwa, na mtu asije akamlaumu kijana huyo mbele yangu. Aliigonga rimu, tena kwa nguvu. Akangoja mtu apige kelele kwamba bado. Toka penye swichi hakuweza kuona mashine kubwa, magunia yalikuwa yamepangwa katikati. Hakusikia mtu. Akangoja tena kidogo.

Bonifasi alikuwa hapohapo nyuma ya mzee, ana gunia begani. Alisikia kengele. Aliuona mkono mdomoni. Neno alikuwa nalo, alikuwa amelipiga mara ngapi kwa vijana wenzake, neno lenyewe moja tu, na kama angelitamka, Elisha angelisikia na swichi isingeguswa. Bonifasi alitua gunia. Akasogea. Akamgusa mzee bega, akainama, akasema, "Mzee, samahani, shikamoo."

Mashine ikawaka.

Sitaeleza zaidi ya kusema ulikuwa mkono wa kulia, na madaktari waliukata chini kidogo ya kiwiko.

Radhia alikaa kwenye benchi la hospitali na mama Mwanabaraka, wakishikana mikono, na watu wakaja kuwapa pole kama ilivyo desturi. Walikuja na uji kwenye chupa, walikuja na machungwa, Mungu awalipe. Na kila mmoja, akishakaa na kuguna, alisema lilelile: "Ndiyo hivyo, binti. Ajali haina kinga." Radhia aliitikia wa kwanza, akaitikia wa pili. Baadaye akawa anatazama sakafu. Kinga ilikuwepo. Ilikuwa neno moja baya lisilo na adabu, alilitunga mwenyewe, na alisimama akicheka wakati linaondolewa. Mchezo ulikuwa umemwambia kweli kila raundi kwamba mjomba hasikii. Getini kuna bwana mmoja alisema sikio la kufa halisikii dawa, akadhani amesema cha maana. Mimi nasema zipo methali ambazo mtu akizitoa kwenye nyumba ya mgonjwa anyang'anywe kiti.

Bonifasi alikuja mwisho, jioni, watu wameondoka. Hakukaa kwenye benchi. Alipiga magoti kwenye sakafu mbele ya mama Mwanabaraka, kijana mcheshi yule. "Mama, nilikuwa nalo neno. Lilifika hapa," akajishika koo. "Niliogopa kumkosea mzee adabu." Radhia alitamani kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Kisha ukamwangukia kijana kichwani, wakalia wote watatu.

"Mimi ndiye niliyekuruhusu, Boni," Radhia alisema. "Mimi niliona."

Kesho yake alikwenda kwa mama Febronia, akasimama mbele ya meza bila kukaa. "Nilikudanganya, mama. Mjomba wangu hakuwa vizuri. Alikuwa anakufa kila raundi, na mimi nilijua." Mama Febronia hakumfokea. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kitenge, akasema tu, "Rudi kwa mgonjwa wako." Radhia anasema bora angemfukuza.

Siku mjomba aliporudi nyumbani, mama Mwanabaraka alisonga ugali wa uwele na kupika mlenda, chakula alichokipenda kuliko vyote. Wakaketi kwenye jamvi, wakanawa. Mjomba alilitazama sinia. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala pajani, na alikuwa ameufunika kidogo kwa nguo, kama mtu anayeficha kitu. Mkewe akakata tonge, akalichovya, akampelekea mdomoni. Alikula hilo, akala na la pili, kisha akageuza uso ukutani akasema ameshiba. Mtu mzima, aliyezoea kulisha wengine, analishwa mbele ya mtoto wa dada yake. Ilikuwa aibu iliyojaza chumba.

Radhia alisogea. Alimshika mkono wa kushoto polepole, akautoa pajani, akauweka kwenye sinia. "Huu ndio wa kula sasa, mjomba." Alilisema kwa kinywa kipana ili amwone midomo. Mjomba aliutazama mkono wake kama wa mgeni. Kisha akakata tonge, likamponyoka, akalikata tena. Alikula huku machozi yanashuka na mlenda unadondokea kanzu, na wao wawili wakala pamoja naye.

Kiwandani karai lilitupwa nyuma ya ghala. Hakuna aliyetaka kuliona. Vijana walirudi kusomewa karatasi na kusinzia, na wakati mwingine mkono ulionekana mdomoni mwa mashine, na jirani akapita kimya. Habari hizo zilimfikia mjomba. Nani alimpelekea sijui, mtaani hakuna siri. Asubuhi moja Radhia akiwa anafunga viatu aende kazini, akamkuta mjomba mlangoni amevaa kanzu safi, mkono mmoja wa kanzu umefungwa fundo.

"Nipeleke."

"Wapi, mjomba?"

"Kwenye karai lako."

Alipoingia ghalani watu wote walisimama. Walipanga mstari kumwamkia, na mzee akampa kila mmoja mkono wa kushoto, akisema, "Mniwie radhi kwa mkono huu." Akaagiza karai liletwe. Lilikuwa na vumbi na manyoya ya kuku. Wakalifuta, wakalijaza mbegu, wakatandika mkeka. Mzee akaketi, akamwonyesha Bonifasi aketi palepale pa zamani, upande wa kulia. Wengine wakajaza mduara. Akaomba afungwe macho. Akatia mkono wa kushoto kwenye alizeti.

Elisha alikataa kugonga. Ikabidi mama Febronia, aliyekuwa amesimama mlangoni, amwitikie kwa kichwa. Akaigonga rimu.

Mikono ya watu ikaenda kichwani. Mkono wa mzee uliendelea kupapasa.

Hakuna aliyesema. Bonifasi alikuwa anatazama fundo la kanzu, machozi yanaingia mdomoni. Mzee alipapasa, akapata kizibo, akakiacha. Akauliza, uso umeelekea mbele, "Kengele imelia?" Akageuzia uso upande wa Bonifasi. "Nimewauliza. Imelia?"

Radhia alitoka alipokuwa amesimama. Alipiga magoti mbele yake, akamshusha kitambaa ili amwone. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Radhia akasema chinichini, "Umekufa."

"Sema kwa nguvu," mjomba alimwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

"Umekufa, mjomba!" Ilitoka kama kilio cha msiba, na wanawake waliokuwa wakifungasha mashudu nje wakaja mbio kuona ni nani amefariki.

Mzee Mselemu aliitikia kwa kichwa. Kisha akasimama, kwa sababu kanuni ya mchezo inasema aliyekufa asimame aeleze, na yeye hakuwahi kusimama hata siku moja. "Mkono wangu umekufa," alisema, kwa sauti ileile iliyokuwa ikiita watu msikitini, "kwa sababu mimi sisikii. Nilijua sisikii. Niliona aibu kusema, kwa kuwa niliipenda ile mashine. Na ninyi wanangu mlijua, mkaona aibu kuniambia, kwa kuwa mlinipenda mimi." Akapitisha macho kwenye mduara. "Basi. Ni hayo. Endeleeni."

Kwenye mchezo, raundi inayofuata aliyekufa hufufuka, anarudi mkekani. Mzee hakurudi mkekani. Aliomba viatu vyake. Radhia akamkalisha kwenye gunia karibu na mlango, akainama kumfunga kamba. Nyuma yao mduara ulijipanga upya. Mzee mmoja wa Mgori, Antipasi, aliingia mahali palipoachwa wazi. Vitambaa vikafungwa. Kengele ikalia, mikono ikaruka, mmoja ukachelewa, na kukawa kimya kidogo, kimya kilichomfanya Radhia ainue kichwa.

"Shikamoo, mzee Antipasi!" Ilikuwa sauti ya Bonifasi, inapasuka. "Umekufa!"

Mjomba alikuwa akimtazama Radhia midomo. "Wamesema?"

"Wamesema, mjomba."